Maji ya moto yameganda kabla ya maji ya bomba kwenye safari ya baiskeli. Imekuwaje, na nyie mnafanyaje?

#1 Kanyaga Twende

Wakuu salaam. Jumamosi tumetoka wawili kwa baiskeli, kipimajoto kinasoma nyuzi 9 chini ya sifuri, upepo wa mbele. Chupa zetu ni pacha, zile za plastiki za kuminya, tulizipata siku moja. Mimi nilijaza maji ya moto. Si ya kuchemka, ni yale ambayo ukitia kidole unakitoa upesi. Juu yake nikaivalisha chupa soksi ya sufu. Mwenzangu alijaza maji ya bomba, hana soksi, hana chochote.

Dakika ya 50 hivi nikachomoa chupa ninywe. Kinywa kimeganda. Nimekibana kwa meno, nimeminya chupa kwa mikono miwili, tone halikutoka. Pembeni yangu mwenzangu anakunywa. Maji yake ni ya kuuma meno na vipande vya barafu vinagongana ndani ya chupa, lakini anakunywa!

Safari nzima ilikuwa ya muda wa saa 3. Nilimaliza na koo kavu, na saa ya mwisho miguu ilikuwa mizito kana kwamba kuna mtu ameshika gurudumu la nyuma.

Maji ya moto yanawezaje kutangulia kuganda? Na nyie mnaoendesha kwenye baridi kali, kinywaji mnakilindaje?

#2 Mnyororo Mkavu

Mkuu hilo lina jina la Mtanzania: Mpemba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba akiwa kidato cha tatu, shule ya Magamba, walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Akaogopa kukosa nafasi kwenye friza, akaweka mchanganyiko wake wa maziwa ungali moto. Wake ukaganda kabla ya wa mwenzake. Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetembelea hapo, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Kwa hiyo yaliyokupata yana historia.

#3 Bi Theluji

Kabla hatujafika kwa Mpemba, mleta mada naomba jibu moja: kilichoganda ni maji au ni kinywa cha chupa? Ulifungua kofia ukatazama ndani?

#4 Kanyaga Twende

Bi Theluji, pale njiani sikufungua, vidole havikuwa na nguvu ya kuzungusha kofia. Nyumbani ndiyo nikafungua. Juu kulikuwa na utando wa barafu, ukiugusa unavunjika kama kioo chembamba. Chini yake maji tele. Ila kinywa chenyewe kilikuwa kimejaa barafu nyeupe, ngumu, imekaa kama kizibo.

#5 Bi Theluji

Basi maji yako hayakutangulia kuganda popote. Kilichotangulia ni kinywa, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Maji ya moto yanatoa mvuke. Mvuke unapanda, unakutana na kofia ambayo iko nje kwenye upepo, imeshapoa. Unageuka matone, matone yanaingia kwenye tundu la kunywea, yanaganda. Mwendo unavyoendelea mvuke unaleta mengine, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana barafu yako ilikuwa nyeupe. Mwenzako maji yake yalikuwa baridi, mvuke hana, tundu lake likabaki kavu.

Mimi nilishapigwa hivyo hivyo msimu wangu wa kwanza. Siku hizi nikijaza ya moto naacha chupa wazi dakika chache mvuke mkali utoke, nafunga, kisha napuliza kinywa kwa nguvu kabla sijapanda baiskeli. Na kila nikinywa, nafunga kinywa kwa kukigonga na kiganja nikiwa nimepuliza kwanza. Tundu likiwa kavu hakuna cha kuganda.

#6 Upepo wa Kisogo

Mvuke sawa, lakini mnasahau upepo. Nyuzi 9 chini ya sifuri, unatembea kilomita 25 kwa saa dhidi ya upepo, pale kwenye chupa baridi ni kama nyuzi 18 au zaidi chini ya sifuri. Kitu gani kisigande?

#7 Fizikia ya Mtaani

Upepo wa Kisogo, hapo nakurekebisha kaka. Ile hesabu ya baridi ya upepo ni ya ngozi ya binadamu. Chupa haiwezi kushuka chini ya joto la hewa inayoizunguka hata upepo uvume vipi. Hewa ikiwa nyuzi 9 chini ya sifuri, chupa itaishia 9. Upepo unachofanya ni kuifikisha huko mapema.

Sasa tazameni hesabu ya maji yenyewe. Nusu lita ikishuka kutoka nyuzi 70 hadi sifuri inatoa kilojuli 146 hivi. Ikifika sifuri bado haijaganda. Ili igande yote lazima itoe tena kilojuli 167. Yaani kuyagandisha maji ambayo tayari yako sifuri ni kazi sawa na kuyapoza kutoka nyuzi 80. Ndiyo maana mwenzake mleta mada alikaa na vipande vinavyoelea muda mrefu bila chupa kuwa jiwe. Chupa nzima inachukua muda. Kinywa kina matone mangapi? Hata kijiko hayajazi, tena yamezungukwa na plastiki nyembamba na upepo. Yanaganda ukiwa bado unatafuta gia.

#8 Upepo wa Kisogo

Nimekubali kuhusu ngozi, asante. Lakini kumbe tunasema kitu kimoja: upepo ndio unaoharakisha. Mimi nilihamisha chupa kutoka kwenye fremu nikaiweka nyuma ya kiti, mgongo unaikinga, na tofauti niliiona siku hiyo hiyo.

#9 Pancha Mbili

Nyuma ya kiti bila madigadi? Hiyo chupa inakunywa matope ya theluji kabla yako.

#10 Upepo wa Kisogo

Madigadi ninayo, Pancha Mbili. Wewe je, unayo au bado unavaa mstari wa matope mgongoni?

#11 Mnyororo Mkavu

Bi Theluji hoja ya mvuke naipokea, ila msimfute Mpemba haraka hivyo. Maji ya moto yanapungua kwa kuvukizwa, yanazunguka ndani ya chombo kuliko ya baridi, na hewa iliyoyeyuka ndani yake imeshatoka. Sababu hizo zote zimewahi kutajwa na watu wanaojua wanachosema.

#12 Fizikia ya Mtaani

Zimetajwa, na hakuna hata moja iliyokubaliwa na wote. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia vipimo kwa uangalifu, wakasema hawakuona ushahidi kwamba maji ya moto yanawahi. Walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo kunaweza kubadilisha jibu. Wengine bado wanabisha. Ninachokiheshimu kwa Mpemba ni kwamba aliona jambo kwa macho yake na akakataa kunyamazishwa. Lakini chupa ya Kanyaga Twende imefungwa, haivukizi kitu kikatoka nje. Pia friza ya shule ina barafu chini ambayo chombo cha moto huyeyusha na kukaa vizuri juu ya chuma. Chupa ya baiskeli inaning'inia hewani. Mazingira siyo yale.

#13 Mnyororo Mkavu

Hapo kwenye barafu ya chini umenipa kitu cha kufikiria. Bado sijahama.

#14 Mama Kapu

Habari zenu wanangu. Mbona mnahangaika na mvuke? Geuza chupa kichwa chini kwenye kishikio chake. Barafu nyepesi kuliko maji, inaelea. Chupa ikiwa kichwa chini, barafu inaanza upande wa kitako ambao sasa uko juu, na kinywa kinabaki ndani ya maji. Nimeendesha hivyo miaka mingi nikipeleka vifurushi, na kinywa huganda mara chache sana.

#15 Kanyaga Twende

Mama Kapu shikamoo. Hilo sikulifikiria kabisa. Halivuji?

#16 Mama Kapu

Marahaba mwanangu. Linavuja kama kofia ina ufa au mpira wake umechoka. Ukague ule mpira wa duara ndani ya kofia. Ukiona umekauka na kukatika, badilisha kofia. Na kinywa kiwe cha kuvuta na kusukuma, kikae kwa nguvu.

#17 Pancha Mbili

Mama heshima yako, ila mimi nimejaribu kugeuza na bado kinywa kiliganda, nyuzi 15 chini ya sifuri. Kinywa ndicho sehemu nyembamba kuliko zote, hata ukikizamisha kwenye maji upande wake wa nje bado unapigwa upepo. Kuelea kwa barafu kunasaidia ndani ya chupa. Ndani ya lile tundu dogo barafu inang'ang'ania ukuta, haina pa kuelea.

#18 Mama Kapu

Huenda. Ya kwangu ilikuwa na mdomo mpana, kofia ya kuzungusha. Sijawahi kutumia vile vinywa vyembamba. Kwa hiyo labda kilichoniokoa ni mdomo mpana na sifa nikaipa kichwa chini.

#19 Bi Theluji

Mama Kapu, hiyo ya mdomo mpana naiunga mkono. Chupa yenye mdomo mpana hata ikipata utando unaupiga na kidole unavunjika, unakunywa. Tabu ni kusimama, kuvua glovu na kuzungusha kofia. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri kuvua glovu mara tano ni tabu kubwa kuliko kiu.

#20 Sukari Guru

Mimi natia sukari na chumvi kidogo. Kinywaji chenye sukari hakigandi upesi. Nina ushahidi wa safari nyingi.

#21 Fizikia ya Mtaani

Sukari Guru, ushahidi wako siukatai, sababu yake ndiyo naipinga. Gramu 60 za sukari kwenye lita moja, ambayo tayari ni tamu, zinashusha kiwango cha kuganda kwa kama theluthi moja ya nyuzi. Maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi kwa lita yanaganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, na hayo huwezi kuyanywa. Kinachokusaidia labda ni kwamba barafu ya kinywaji chenye sukari huwa laini, kama uji wa barafu, unaweza kuiminya ikatoka. Ya maji matupu hukaza.

#22 Sukari Guru

Hiyo ya uji wa barafu ndiyo hasa ninayoiona! Inatoka inakwaruza lakini inatoka. Basi sukari naendelea nayo, maelezo nimebadilisha.

#23 Gia ya Tatu

Kuna jamaa aliniambia nitie pombe kali kidogo, haitaganda na itanipasha. Vipi hilo?

#24 Mama Kapu

Usithubutu. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unahisi joto huku mwili unaachia joto lake nje. Na kuushika usukani juu ya barafu ukiwa umelewa hata kidogo siyo mchezo.

#25 Fizikia ya Mtaani

Nakazia kwa Mama. Isitoshe, hata kinywaji chenye pombe asilimia 10 hushuka nyuzi 4 hivi tu. Haisaidii hata kwa hilo lililokusudiwa.

#26 Mkoba Mgongoni

Mbona hakuna anayetaja mfuko wa maji wa mgongoni? Mimi nauvaa NDANI ya jaketi, juu ya fulana ya kwanza. Joto la mwili linautunza saa nyingi. Mrija ndio mtihani. Niliupitisha chini ya kwapa, ukatokea kwenye kola, na ncha naificha ndani ya zipu. Kila nikinywa napuliza maji yaliyobaki kwenye mrija yarudi mfukoni. Msimu uliopita nilisahau kupuliza mara moja tu, nikasimama kurekebisha taa. Nilipokuja kunywa, mrija umeganda urefu wa kiganja pale unapotoka kwenye kola. Nilitembea nao mdomoni kilomita nzima ukayeyuka.

#27 Bi Theluji

Mkoba Mgongoni, ukipuliza unaingiza pumzi, na pumzi ina unyevu. Si unarudisha mvuke ule ule ninaoulalamikia?

#28 Mkoba Mgongoni

Unyevu wa pumzi ni mchache ukilinganisha na mrija uliojaa maji. Sijawahi kuganda kwa sababu ya kupuliza.

#29 Pancha Mbili

Mimi nimeganda kwa kupuliza. Si mrija, ni ile ncha ya kung'ata. Matone madogo yalikaa pale kwenye mkato. Nikaacha kupuliza, nikawa nainua ncha juu ya bega maji yarudi yenyewe kwa uzito wake.

#30 Mkoba Mgongoni

Ukiinua yanarudi kama mfuko uko chini ya ncha na una hewa. Mfuko wangu nimeutoa hewa yote ili usicheze. Kwa hiyo kwangu haitafanya kazi, kwako imefanya.

#31 Gia ya Tatu

Na chupa ya chai je? Ile ya chuma yenye ombwe katikati ya kuta. Kwa nini tunahangaika na soksi wakati James Dewar alishatatua hili mwaka 1892?

#32 Kanyaga Twende

Ninayo nyumbani. Nilidhani ni nzito na inagongagonga kwenye kishikio.

#33 Gia ya Tatu

Ni nzito kweli, na huwezi kuiminya. Lakini kwa safari ya zaidi ya saa 2 sitoki bila hiyo. Kwanza ipashe: mimina maji ya moto, iache dakika tano, mwaga, ndipo ujaze kinywaji chenyewe. Ukijaza kwenye chuma baridi, chuma kinakula joto lako la kwanza. Ijaze hadi juu pia. Iliyojaa inakaa na joto kuliko iliyo nusu.

Na usijaze ya kuchemka. Mara yangu ya kwanza nilifanya hivyo na chai. Baada ya saa 2 nikafungua kwa furaha, nikapiga funda, nikaunguza ulimi na ngozi ya juu ya kinywa. Siku tatu chakula hakina ladha. Siku hizi najaza ikiwa nyuzi 55 hivi.

#34 Bi Theluji

Tahadhari kwenye hizo: ombwe liko kwenye kuta, kofia haina ombwe. Zile zenye kinywa cha kufyonzea juu, kinywa kinaganda kama cha plastiki huku ndani chai inafuka. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Chukua yenye kofia ya kuzungusha.

#35 Pancha Mbili

Na kwa chuma, kausha mdomo wa chupa kabla hujauweka kwenye midomo yako. Chuma kikavu ni salama zaidi kuliko chuma chenye maji. Mpwa wangu aliacha kipande cha ngozi ya mdomo pale.

#36 Mvumilivu

Nimepitia uzi wote. Swali langu ni tofauti kidogo: kwani kwenye baridi mnakunywa kiasi gani? Mimi nikiendesha majira ya baridi sisikii kiu kabisa, chupa inarudi imejaa.

#37 Mama Kapu

Mwanangu, kutosikia kiu hakumaanishi mwili hauhitaji. Baridi inapunguza hamu ya maji. Mishipa ya ngozi inabana, damu inasogea katikati ya mwili, mwili unadhani maji yamezidi, ndiyo maana mkojo unakubana kila mara. Na ule moshi unaotoka mdomoni kila ukipumua ni maji yako yanaondoka. Mimi nilijiwekea desturi: kila nikipita daraja au taa za barabarani, mafunda mawili. Sisubiri kiu.

#38 Kanyaga Twende

Mama Kapu, hiyo inaeleza miguu yangu ya saa ya mwisho.

#39 Upepo wa Kisogo

Au hukula. Mleta mada hujatuambia ulikula nini njiani. Miguu mizito ya saa ya tatu mara nyingi ni njaa.

#40 Kanyaga Twende

Nilikuwa na ndizi mfukoni, imekuwa ngumu kama kanyagio, sikuila. Kwa hiyo labda yote mawili.

#41 Gia ya Tatu

Vipi vile vipakiti vya kupasha mikono? Nilifunga kimoja kwenye chupa kwa gundi ya karatasi, nikavalisha soksi juu yake, nikafunga yote kwenye mfuko wa plastiki. Kikafa dakika kumi.

#42 Fizikia ya Mtaani

Kwa sababu umekinyima hewa. Ndani kuna unga wa chuma, unatoa joto ukipata kutu. Bila oksijeni hakuna kutu. Ondoa plastiki, acha soksi peke yake.

#43 Kanyaga Twende

Wakuu, nimerudi na majibu. Leo asubuhi nyuzi 8 chini ya sifuri, njia ile ile, mwenzangu yule yule. Tumebadilishana: yeye maji ya moto na soksi, mimi ya bomba bila kitu. Wote tumepuliza vinywa kabla ya kutoka kama Bi Theluji alivyosema.

Dakika ya 50: vyote vinatoa maji. Dakika ya 80: cha kwangu kimeganda, chake kinatoa maji ya uvuguvugu. Amenicheka njia nzima.

#44 Bi Theluji

Tundu kavu. Nilisema.

#45 Upepo wa Kisogo

Leo upepo ulitoka wapi?

#46 Kanyaga Twende

Kulikuwa karibu hakuna upepo.

#47 Upepo wa Kisogo

Haya sasa. Mmebadilisha vitu viwili kwa mpigo, upepo na kupuliza. Huwezi kujua kipi kimekuokoa.

#48 Mnyororo Mkavu

Na hata hivyo haimgusi Mpemba, maana mara ya kwanza na ya pili zote mmepima kinywa, hamjapima maji.

#49 Mama Kapu

Mwanangu, ile soksi siku ya kwanza uliivalisha hadi juu ya kofia, au uliishia shingoni? Na ilikuwa kavu?

#50 Kanyaga Twende

Siku ya kwanza iliishia shingoni, Mama, na ilikuwa imelowa kidogo. Nilimwaga maji wakati wa kujaza, nikaona si neno. Leo mwenzangu aliivuta hadi juu ikafunika na kofia, na ilikuwa imetoka kukaushwa.

#51 Fizikia ya Mtaani

Soksi iliyolowa kwenye upepo! Mbona hukusema tangu #1? Hiyo inaweza kuipoza chupa upesi kuliko kukaa uchi. Jumamosi rudieni: chupa zote mbili maji ya moto, soksi moja iliyolowa na moja kavu, zote ziishie shingoni, vinywa vyote vipulizwe. Utuletee dakika, na safari hii ufungue kofia hapo hapo barabarani.

#52 Kanyaga Twende

Sawa mkuu. Mwenzangu ameshasema ya kulowa hachukui yeye.